Maskini Akipewa Pesa Mkononi Anafanya Nini? Somo Kutoka Siaya kwa Sisi Wauzaji Wadogo

 

Leo tunaacha kidogo mambo ya picha na matangazo. Twende kijijini, kaunti ya Siaya, magharibi mwa Kenya, kule karibu na Ziwa Victoria. Huko kuna jambo limefanyika na likapimwa vizuri, na linagusa swali letu la kila siku: mtu wa kipato kidogo akishika pesa, inaenda wapi?

Wengi tuna jibu mfukoni tayari. "Ataimalizia kwenye pombe." "Atazembea, shamba atalitupa." "Maskini hajui kutunza hela." Haya basi, tuone.

PESA ILIVYOTUMWA

Shirika la GiveDirectly lilifika Siaya bila magunia ya mahindi, bila majembe na bila semina. Lilitafuta familia zinazoishi kwenye nyumba za nyasi, kwa sababu kule paa la nyasi ni dalili kwamba hali ni ngumu kweli. Kisha likawatumia pesa kwa M-Pesa. Hakuna kurudisha, na hakuna wa kukupangia ununue nini.

Kati ya 2011 na 2013, watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walizifuatilia familia hizo eneo la Rarieda. Kuna waliopata shilingi 25,200 za Kenya, na kuna waliopata 95,200. Wa ile 25,200, wengine walipewa yote kwa mkupuo na wengine 2,800 kila mwezi kwa miezi tisa. Hata nani apokee, mke au mume, iliamuliwa kwa bahati nasibu. Halafu wakalinganishwa na familia za hali kama yao ambazo hazikupata kitu.

Nini kilitokea? Chakula kiliongezeka nyumbani. Mifugo iliongezeka. Mapaa ya mabati yakaongezeka. Watu wenyewe walisema mioyo imetulia kuliko zamani. Na pombe na sigara je? Matumizi yake hayakupanda.

KWA NINI BATI KWANZA?

Hapa ndipo penye somo, usipite haraka. Paa la nyasi unaweza kuliona ni la bure. Piga hesabu sasa. Nyasi zinaoza, kila baada ya muda mfupi lazima uezeke upya: ununue nyasi, umlipe fundi. Mvua ikinyesha usiku, mama anahamisha watoto kona hii na kona ile, na mahindi ya akiba yanalowa. Bati unaweka mara moja, unakaa nalo miaka mingi.

Kila mtu pale kijijini anajua bati ni nafuu kuliko nyasi ukihesabu kwa miaka. Hakuna wa kufundishwa hilo. Tatizo ni kwamba hela ya kibarua inaingia leo, inaliwa leo, na bati haliuzwi kwa vijiko. Kwa hiyo anayekosa hela ya mara moja analipa zaidi kwa kitu kibaya zaidi, mwaka hadi mwaka.

Sasa jiangalie na wewe. Unachukua bidhaa vipande viwili vitatu kwa bei ya rejareja kwa sababu mtaji wa dazeni hujafikisha. Faida yote inaishia kwa anayekuuzia. Hilo nalo ni paa la nyasi, mwenzangu.

MKUPUO AU KIDOGO KIDOGO?

Wale wa Rarieda waliopata kila mwezi, pesa yao ilisaidia zaidi upande wa chakula. Waliopata kwa mkupuo walinunua zaidi vitu vya kudumu. Zote mbili zina kazi yake, mtu mwenye njaa hali bati.

Baadaye likaja jaribio kubwa zaidi, Siaya na Bomet, vijiji 295. Baadhi ya vijiji kila mtu mzima alipangiwa takribani shilingi 2,250 kwa mwezi kwa miaka 12. Vingine walipewa kiasi hichohicho cha mwezi kwa miaka miwili tu. Vingine walipewa jumla ya hiyo miaka miwili kwa mkupuo, kama dola 500. Vilivyobaki havikupewa, ili kupata cha kulinganisha.

Matokeo yaliyotoka 2023 yalionyesha kwamba waliopata mkupuo walianzisha na kukuza biashara kuliko wale wa miaka miwili. Na waliohakikishiwa miaka 12 nao walifanya vizuri. Walitumia njia gani wakati pesa yao ilikuja kidogo kidogo? Waliingia kwenye vyama vya kupokezana, huu mchezo wetu wa kila siku! Leo unampa mwenzako, zamu yako ikifika unashika fungu kubwa. Kwa kuwa walijua pesa ya mwezi ujao ipo, hawakuogopa kuahidi.

Na ule uvivu? Haukuonekana. Wengi walipunguza vibarua vya mashamba ya watu wakaingia kwenye shughuli zao wenyewe.

JIRANI NAYE ALIKULA

Hii ndiyo inayotuhusu zaidi. Kati ya 2014 na 2017, pesa ilitolewa kwa familia zaidi ya 10,000 za Siaya, kwenye utafiti uliohusisha vijiji 653. Kila familia ilipata kama dola 1,000. Safari hii watafiti hawakuishia kwa waliopewa, walikwenda hadi kwa majirani na kwenye maduka.

Kila dola 1 iliyoingia ilizunguka mpaka ikaongeza uchumi wa eneo lile kwa karibu dola 2.50. Bei za vitu zilipanda kidogo mno, kama asilimia 0.1. Maduka, vinu na biashara nyingine ndogo ziliuza zaidi. Hata familia ambazo hazikupewa senti zilianza kutumia zaidi, kwa sababu kazi na ujira viliongezeka.

Yaani mama akinunua bati, fundi anapata kazi. Fundi ananunua unga na sukari. Mwenye duka anaongeza mzigo. Mwenye boda anaubeba. Pesa ya maskini haikai, inapita mikononi mwa watu wengi waliopo karibu. Na huenda mmojawapo ni wewe unayetuma mzigo kwa basi.

Tanzania nako tunaye TASAF na mpango wa kunusuru kaya maskini. Kwenye majaribio yake ya mwanzo Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, kaya zilizolipwa ziliongeza mifugo kama kuku na mbuzi, na zikajiunga zaidi na bima ya afya ya jamii. Unaona mwelekeo ni uleule?

TUSIDANGANYANE

Pesa taslimu haijengi barabara wala haileti daktari. Shule ikiwa mbali, itabaki mbali. Na anayepewa kwa muda mfupi, siku ikikatika na yeye hajanunua kitu cha kudumu, anaweza kurudi alipokuwa. Kwa hiyo ile pesa inapoingia, nani anamuuzia nini ni jambo zito sana.

SASA WEWE MUUZAJI UFANYE NINI?

1. Mheshimu mteja wa hela ndogo. Anayeuliza maswali kumi kabla ya kutoa elfu tano hakusumbui, anapiga hesabu kama ya bati. Mjibu yote: kitu kinadumu muda gani, kikiharibika inakuwaje.

2. Uza kinachodumu. Familia ile ikinunua taa ya sola mbovu, hiyo ni mbuzi imepotea. Mteja wa kijijini aliyeridhika anakutangaza kanisani, msikitini na kisimani. Aliyeumizwa naye anakutangaza hukohuko.

3. Mkubalie alipe kidogo kidogo kabla ya kuchukua. Andika kila anachotuma, mpe ujumbe wa kumbukumbu. Lakini usimkopeshe bidhaa kwa riba ya kausha damu, hapo unamla mtoto wa mtu.

4. Mtafute mwenye duka la kijijini. Pesa ikiingia kule, yeye ndiye wa kwanza kuhitaji mzigo. Mmoja wa aina hiyo ni oda ya kila wiki.

5. Tafuta "bati" lako. Chagua kitu kimoja kitakachokupunguzia gharama ya kila siku: dazeni ya jumla, mzani, cherehani. Ingia mchezo na watu watano mnaoaminiana, na zamu yako ikifika, pesa iende hapo moja kwa moja kabla haijafika sokoni.

Kazi ya wiki hii: andika kwenye daftari kitu unachokinunua kwa bei ya rejareja kila mara kwa kukosa hela ya mara moja. Pembeni yake andika kinakugharimu kiasi gani kwa mwezi. Ukishaiona hiyo namba, utajua zamu yako ya mchezo inaenda wapi.