Sakafu ya banda la gari: uimara kwanza, urembo baadaye

Mtu ajengapo nyumba mjini, fikra zake zote huwa juu ya sebule na vyumba vya kulala. Banda la gari huachwa mpaka mwisho, na sakafu yake hutengenezwa kwa saruji iliyosalia. Hata hivyo, ndugu msomaji, hakuna sakafu nyumbani ibebayo mzigo mzito kuliko hiyo. Gari dogo lina uzito wa tani moja au zaidi, na uzito huo wote hukaa juu ya sehemu nne ndogo tu, kila moja ikikaribia ukubwa wa kiganja. Juu ya hayo humwagika oili, petroli na maji ya betri.

Hata asiye na gari linamhusu jambo hili, kwani pikipiki au bajaji ya kutafutia riziki nayo yahitaji mahali pa kulala na pa kutengenezewa.

Hatari ya jeki

Sakafu ya udongo ulioshindiliwa haina gharama, lakini ina hatari kubwa. Jeki huweka uzito mkubwa mahali padogo. Udongo ukiwa na unyevu, jeki huzama au kuinama, na gari humwangukia aliye chini yake. Mwenye sakafu ya namna hiyo sharti aweke ubao mpana na mnene chini ya jeki, na kamwe asiingie uvunguni mwa gari lililoshikwa na jeki peke yake. Pamoja na hayo, oili imwagikayo juu ya udongo hunywewa, na penye kisima karibu yaweza kuharibu maji ya familia.

Lami nayo haifai katika banda. Petroli na oili huilainisha, kwa kuwa asili yao ni moja, yaani mafuta ya ardhini.

Zege

Kwa familia nyingi, zege ndilo jibu. Kwa gari dogo, unene wa sentimita 10 watosha, madhali ardhi iliyo chini imeshindiliwa vizuri. Kipimo cha kawaida ni karai moja la saruji, mawili ya mchanga na manne ya kokoto. Banda lenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 6 litahitaji mifuko ipatayo 12 ya kilo 50. Tandika plastiki nzito chini ya zege ili kuzuia unyevu usipande. Usikubali mchanga wa ufukweni: chumvi yake huvuta unyevu na kuzitia kutu nondo.

Mwambie fundi ainamishe sakafu kuelekea mlangoni, sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, ili maji yatoke yenyewe. Akate pia mifereji midogo kila baada ya mita 3. Zege hunywea likikauka, na ni bora lipasuke ndani ya mfereji kuliko lijichagulie njia. Uso wake usisuguliwe mpaka ukang'aa kama kioo, kwani oili kidogo yatosha kumtelezesha mtu. Kwa siku zisizopungua 7 zege limwagiwe maji au lifunikwe kwa magunia mabichi, na ikiwezekana gari lingoje siku 28.

Matofali ya saruji ya kupanga, ambayo mafundi huyaita pevingi, yanafaa vilevile. Hufyonza oili na kubaki na madoa, lakini tofali lililoharibika huweza kung'olewa peke yake na jipya likawekwa. Kingo zake zizuiwe kwa zege, la sivyo yatasambaa.

Vifuniko vya juu

Wako wapendao kuongeza kifuniko. Vigae vya sebuleni havifai, maana vikilowa huteleza, na pale palipobaki uwazi chini yake hupasuka mara jeki iwekwapo. Zulia la plastiki ni rahisi kusafisha, lakini mpira wa magurudumu huacha juu yake madoa ya kahawia yasiyotoka.

Rangi ya epoksi, ichanganywayo kutoka makopo mawili, huzuia oili isipenye na hufagilika kwa urahisi. Adui yake ni unyevu. Kabla ya kuinunua, bandika juu ya sakafu kipande cha plastiki cha nusu mita kila upande, uzibe kingo zake zote kwa utepe wa gundi, na kukiacha kwa saa 16. Ukikuta umande chini yake, weka fedha zako mfukoni, kwani rangi hiyo itabanduka. Ikiwa pakavu, safisha oili yote kwanza, na unyunyizie mchanga laini juu ya rangi ikiwa mbichi ili pasiteleze.

Usalama wa watoto

Sakafu yoyote iwayo, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka na kutambaa chini, mahali ambapo watoto huchezea na ambapo jiko la mkaa huwekwa wakati wa mvua. Kwa hiyo jiko lisiingie bandani, wala injini isiwashwe milango ikiwa imefungwa, kwa sababu moshi wake huua bila onyo. Weka ndoo ya mchanga mkavu au vumbi la mbao karibu, oili imwagikapo ifunikwe na kuzolewa mara moja.

Wenye fedha kidogo waanze na njia mbili za zege, kila moja pana kuliko gurudumu, pamoja na kipande cha kuwekea jeki. Sehemu iliyobaki yaweza kungoja mshahara mwingine. Na wenye sakafu tayari, waitazame leo: usipoziba ufa utajenga ukuta.