Mfamasia Asiyesema Ametoa Nusu ya Dawa

Chombo cha serikali kinachosimamia dawa nchini Kenya kina jina linalostahili kuchunguzwa na kila mwanafunzi wa lugha. Kinaitwa Bodi ya Famasia na Sumu, na sheria yake, Sura ya 244 ya Sheria za Kenya, imekuwa ikitumika tangu 1957. Huenda mtu akastaajabu kuona tiba na sumu zikitajwa kwa pumzi moja. Hata hivyo, lugha ilikwisha kuyaunganisha mambo haya mawili zamani sana. Neno famasia lina asili ya Kigiriki, na katika Kigiriki cha kale neno pharmakon lilimaanisha dawa, na lilimaanisha sumu vilevile. Kiswahili nacho hakiko mbali: tuna dawa ya homa, na tuna dawa ya panya.

Je, ni nini basi kinachoitenga dawa na sumu? Aghalabu ni kiasi, wakati na namna ya kuitumia. Mambo haya matatu hayamo ndani ya kidonge. Yamo katika maneno yanayoandamana na kidonge hicho. Kwa sababu hiyo, kazi ya mfamasia haiishii katika kuhesabu vidonge na kuvitia katika bahasha. Yeye ndiye msemaji wa mwisho katika safari ya tiba. Akinyamaza, mgonjwa huenda nyumbani na nusu ya dawa, hata kama vidonge vyote vimetimia.

Tutazame yanayotendeka katika dirisha la dawa la hospitali nyingi za umma. Mgonjwa amepanga foleni tangu alfajiri. Anapofika dirishani, anainama, anapenyeza karatasi, na baada ya muda anapewa bahasha iliyoandikwa "2 x 3". Mwenye elimu ya hesabu atasema jibu ni sita. Mgonjwa mwingine atadhani ni vidonge vitatu mara mbili. Mwingine atauliza jirani. Alama hiyo ni lugha ya wahudumu wa afya wao kwa wao, wala haikuundwa kwa ajili ya mgonjwa.

Maneno ya Kiswahili nayo hayakosi mitego. Baadhi ya maagizo huandikwa "kutwa mara tatu". Kila mwanafunzi wa shule ya kutwa anajua kwamba yeye hulala kwao, kwa kuwa kutwa ni muda wa tangu asubuhi hadi jua linapotua. Mgonjwa anayekijua Kiswahili barabara anaweza basi kumeza kidonge saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na moja jioni. Atakuwa ametii agizo neno kwa neno. Lakini ikiwa dawa hiyo ni amoksilini, ambayo hutakiwa kumezwa kila baada ya saa nane, mwili wake utakaa saa 14 bila dozi, na vijidudu vitapata nafasi ya kujikusanya upya. Kosa hapo si la mgonjwa. Ni la agizo lililoandikwa na mtu asiyeyapima maneno yake.

Chukua mfano wa dawa mseto ya malaria, artemetha na lumefantrini, ambayo Kenya iliiteua mwaka 2004 kuwa ya kwanza kutumiwa dhidi ya malaria ya kawaida. Mtu mzima humeza vidonge 24 kwa siku tatu, vinne kwa kila mara. Dozi ya pili huja saa nane baada ya ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni katika siku mbili zinazofuata. Tena dawa hiyo huingia mwilini vyema zaidi ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta, au maziwa. Hayo ni maelezo mengi kwa mtu mwenye homa. Fauka ya hayo, homa huweza kushuka siku ya pili, na mgonjwa akaviweka vidonge vilivyosalia kwa ajili ya mtoto atakayeugua kesho. Ni nani atakayemwambia kwamba kupata nafuu si kupona?

Wapo watakaosema kwamba wananchi wengi siku hizi wamesoma, na kwamba lebo zinatosha. Yafaa wausikie utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006 kuhusu wagonjwa 395. Miongoni mwa wale wenye kiwango cha chini cha kusoma, asilimia 71 waliweza kulisoma kwa usahihi agizo la kumeza vidonge viwili mara mbili kwa siku. Walipoombwa waonyeshe idadi ya vidonge watakavyomeza kwa siku nzima, waliofaulu walikuwa asilimia 35 tu. Walimu hawatashangazwa na habari hii. Kila siku wanamwona mwanafunzi anayesoma kifungu kwa sauti nzuri, kisha akashindwa na swali la kwanza la ufahamu.

Suala hili linagusa mfuko pia. Tangu mfumo wa kuchangia gharama za matibabu ulipoanzishwa mwishoni mwa 1989, Wakenya wameujua uchungu wa kulipia afya. Ni kweli kwamba ada katika zahanati na vituo vya afya vya umma zilifutwa mwaka 2013. Lakini dawa inapokosekana huko, mgonjwa hupewa karatasi akanunue kwingineko. Akifika dukani na fedha haba, hununua nusu ya kila kitu kilichoandikwa. Hapa ndipo mfamasia mwenye utu anapohitajika zaidi. Anaweza kumwambia, "Mama, hii ya vijidudu usiipunguze hata kidogo, hii ya vitamini yaweza kungoja." Anaweza kumweleza kwamba dawa yenye jina la kampuni maarufu ina mwenziwe mwenye kiini kilekile na bei nafuu. Anaweza pia kumpigia daktari simu anapoona dawa mbili zisizopatana katika karatasi moja. Maneno kama hayo hayana gharama kubwa, lakini huokoa fedha na uhai.

Hayo yamekwisha kujaribiwa. Mwaka 1996, katika mji wa Asheville, jimbo la North Carolina nchini Marekani, waajiriwa wa mji wenye ugonjwa wa kisukari walianza kukutana na wafamasia waliopewa mafunzo ya kuwashauri. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2003 ilionyesha kwamba gharama ya dawa zenyewe iliongezeka, lakini jumla ya gharama za matibabu ilipungua kwa kati ya dola 1,200 na dola 1,872 kwa mgonjwa kwa mwaka. Kwa maneno mengine, dawa iliyotumiwa vyema iliwapunguzia haja ya matibabu mengine yaliyo ghali zaidi.

Sidai kwamba wafamasia wote ni malaika. Mwenye duka la dawa ni mfanyabiashara pia, na biashara humshawishi auze zaidi. Isitoshe, si kila anayevaa koti jeupe nyuma ya meza ya duka amehitimu kazi hiyo. Na hata aliyehitimu, akiwa peke yake mbele ya foleni ndefu, atapata wapi dakika tano za kuzungumza na kila mgonjwa? Haya ni mambo mazito. Hata hivyo, hayawezi kuwa hoja ya kunyamaza. Yanapaswa kuwa hoja ya kuajiri wafamasia zaidi, kuwaondoa wale wasio na leseni, na kuyatambua mazungumzo na mgonjwa kuwa sehemu ya kazi inayolipwa.

Sheria kuu ya nchi inatuunga mkono. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari zitakazomwezesha kunufaika nazo kikamilifu. Ni bidhaa gani inayohitaji habari kuliko dawa? Lebo za Kiswahili sanifu na chepesi ni haki ya mwananchi. Lakini tafsiri na ifanywe na watu wanaoijua kazi yao. Katika mtaa wa Bronx jijini New York, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uligundua makosa katika karibu nusu ya lebo za Kihispania zilizochunguzwa, nyingi zikiwa zimetafsiriwa na kompyuta. Neno la Kiingereza "once", yaani mara moja, liliweza kuachwa vivyo hivyo katika lebo hizo. Kwa Kihispania, neno hilohilo husomwa kumi na moja!

Vyuo vinavyowafunza wafamasia havina budi kuwafunza pia namna ya kusema na mgonjwa, kwa Kiswahili na kwa lugha za mahali watakapofanyia kazi. Mbinu iliyo bora walimu wanaijua tangu zamani: mweleze mtu, kisha umwombe akueleze alivyoelewa. Nao walimu wa Kiswahili, wanapofundisha insha za kiuamilifu, wasiishie kwenye maagizo ya kupika chapati. Wawape wanafunzi karatasi iliyoandikwa "2 x 3", wawaamuru waandike maelezo ambayo bibi kizee asiye na miwani anaweza kusomewa mara moja na akayakumbuka. Huenda miongoni mwa wanafunzi hao yumo mfamasia wa kesho. Na wasiokuwa wafamasia watakuwa wagonjwa siku moja, kwa hivyo wajifunze mapema kuuliza maswali manne dirishani: dawa hii ni ya nini, nimeze lini, nimeze kwa siku ngapi, na je, kuna ya bei nafuu zaidi?

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mbele ya dirisha la dawa, kuuliza ni sehemu ya tiba, na kujibu ni wajibu wa mfamasia.