Urefu Hauchezi Peke Yake

Juni 2009, mjini New York, Memphis Grizzlies walikuwa na nafasi ya pili ya kuchagua mchezaji katika drafti ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, na nafasi hiyo wakampa Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa sentimita 221. Hakuna Mtanzania aliyewahi kufika huko kabla yake. Aliyechaguliwa wa tatu usiku ule alikuwa James Harden, wa saba Stephen Curry, wa tisa DeMar DeRozan. Curry ametwaa ubingwa mara nne na tuzo ya mchezaji bora wa ligi mara mbili. Harden aliipata tuzo hiyo mwaka 2018. Thabeet alicheza misimu mitano na michezo 224, akaondoka na wastani wa pointi 2.2. Tangu hapo, kila Wamarekani wanapoorodhesha machaguo mabaya ya drafti, jina lake halikosekani. Hukumu hiyo inamwonea. Yeye hakujichagua, na wala hakudanganya kuhusu alichokuwa nacho. Waliokosea ni waliompima, kwa kuwa walipima kitu kikubwa kilichoonekana wazi na hawakuuliza kama kitu hicho kingeendelea kuwa na thamani kule alikokuwa anakwenda.

Kwa msomaji asiyefuatilia sana mchezo huu, drafti ni utaratibu wa kila mwaka ambao timu 30 za NBA hutumia kugawana vijana kwa zamu, katika raundi mbili. Zilizofanya vibaya msimu uliopita huwekwa mbele, na timu 14 zilizokosa hatua ya mtoano hupangiwa nafasi za kwanza kwa bahati nasibu. Mchezaji ni lazima awe ametimiza au atatimiza miaka 19 ndani ya mwaka huo. Mshahara wa wanaochaguliwa raundi ya kwanza umepangwa kwa viwango, na kadiri unavyochaguliwa mapema ndivyo unavyolipwa zaidi. Kwa hiyo timu inaweka miaka kadhaa ya matumaini yake juu ya kijana ambaye mara nyingi hajafikisha hata miaka 20, na inamjua kwa michezo ya chuo, kwa mahojiano, kwa mazoezi ya faragha, na kwa vipimo vya mwili vinavyofanyika Chicago: kimo bila viatu, upana wa mikono iliyonyooshwa, urefu wa kuruka, kasi ya kubadili mwelekeo.

Thabeet hakuwa mrefu tu. Msimu wake wa mwisho katika Chuo Kikuu cha Connecticut alikuwa na wastani wa pointi 13.6 na ribaundi 10.8, na kila mchezo alizuia mitupo 4.2. Kanda ya Big East ilimtaja mchezaji bora wa ulinzi miaka miwili mfululizo. Mtu angeweza kusema, tena kwa haki, kwamba ushahidi ulikuwepo. Lakini si kila takwimu nzuri hutoka kwenye chanzo kimoja. Ipo inayotokana na ufundi, na ipo inayotokana na pengo la mwili kati ya mchezaji na wapinzani wake. Kijana wa sentimita 221 anayecheza na vijana ambao wengi wao hawafiki sentimita 205 atazuia mitupo hata kama miguu yake ni mizito, kwa sababu mkono wake unafika pasipo yeye kusogea sana. Siku pengo likipungua, takwimu hupungua nalo. Ndiyo maana kila sifa ya kijana inapaswa kuulizwa swali moja kabla ya kupewa bei: itabaki atakapokutana na watu wa kimo chake na nguvu zake?

Swali hilo lilikuwa limejibiwa kwa sehemu miezi minne kabla ya drafti. Februari 16, 2009, Connecticut, wakati huo wakiwa namba moja kitaifa, waliwakaribisha Pittsburgh mjini Hartford. Senta wa wageni, DeJuan Blair, alikuwa na takriban sentimita 201, yaani pungufu ya Thabeet kwa sentimita 20 hivi. Wakiwa chini ya kikapu wanagombea nafasi, mikono yao ilinasana, na Blair akampindua juu ya bega lake hadi sakafuni. Tukio hilo ndilo lililorudiwa kwenye televisheni, lakini ya maana zaidi yalikuwa yale yaliyofuata kwa dakika zote zilizobaki: Blair alishusha kiuno, akaweka mwili wake kati ya Thabeet na mpira, akamaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Pittsburgh wakashinda 76 kwa 68. Blair mwenyewe alikuja kuchaguliwa wa 37, kwa sehemu kubwa kwa hofu ya magoti yake, na hakuwa nyota. Sisemi kwamba ndiye aliyepaswa kuchukuliwa. Ninachosema ni kwamba mchezo ule ulikuwa wa aina ambayo mpimaji anapaswa kuutafuta kwa tochi, kwa sababu ulimweka kijana mbele ya mtu asiyeogopa urefu wake.

Kuna jambo jingine ambalo halikuhitaji hata kutazama video. Sheria za vyuo na za NBA hazifanani. Katika vyuo vya Marekani mlinzi anaruhusiwa kusimama chini ya kikapu muda wote apendao. NBA, tangu msimu wa 2001–02, mlinzi asiye karibu na mtu anayemkaba haruhusiwi kukaa eneo hilo zaidi ya sekunde tatu. Na mstari wa pointi tatu wa NBA uko mbali zaidi, kwa hiyo uwanja unatanuka. Fikiria senta anavyofanya kazi huko. Mchezaji mrefu wa timu pinzani anapanda juu kumwekea mwenzake skrini, yaani kumzibia njia mlinzi wake kwa mwili. Mwenye mpira anaizunguka kwa kasi. Senta inabidi atoke nje hatua mbili tatu, apunguze kasi ya mwenye mpira bila kumpa nafasi ya kumpita, kisha ageuke na kurudi kwa mtu wake ambaye tayari anakimbilia kikapu. Yote hayo huisha kwa sekunde chache, na hurudiwa mara kadhaa usiku mmoja. Kazi hiyo hufanywa na nyonga, magoti na macho kuliko mikono. Thabeet, ambaye alianza kucheza kikapu akiwa amekwisha kuwa kijana mkubwa, hakuwa na miaka ya kutosha ya kuizoesha miguu yake mambo hayo.

Sasa mtazame Curry kwa swali lilelile. Waliomtilia shaka walikuwa na hoja mbili: mwili mwembamba, na chuo kidogo cha Davidson ambako wapinzani wengi walikuwa dhaifu. Hoja ya pili ina uzito kwa mchezaji yeyote, lakini kwake ilikuwa na jibu lililoandikwa tayari. Kwenye mashindano ya kitaifa ya vyuo ya 2008 aliwafunga Gonzaga pointi 40, Georgetown 30 na Wisconsin 33, timu zilizokuwa na wachezaji wakubwa kuliko yeye na walioingia uwanjani wakiwa na jukumu moja la kumzuia. Ufundi wake ulikuwa umekwisha kushindanishwa na miili mikubwa, na haukupotea. Luka Dončić naye alikuwa akicheza na watu wazima wa Real Madrid tangu ana miaka 16. Mwaka 2018, akiwa na miaka 19, alitwaa ubingwa wa EuroLeague na tuzo ya mchezaji bora wa mashindano hayo. Bado kulikuwa na waliosema ni mzito na haruki, naye akachaguliwa wa tatu. Nikola Jokić, aliyesemwa vivyo hivyo, alichaguliwa wa 41 mwaka 2014, na leo ana tuzo tatu za mchezaji bora wa NBA. Hawa wote walitiliwa shaka kwa sababu ya miili yao. Walichokuwa nacho, yaani kuona pasi kabla nafasi haijafunguka, au kutupa mpira mlinzi akiwa usoni, hakitegemei udogo wa mpinzani.

Vipimo vya mwili si upuuzi, navyo vina mahali pake. Ila vinajibu maswali machache kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2007 Kevin Durant alishindwa kunyanyua hata mara moja chuma cha kilo 84 ambacho wenzake walikinyanyua mara nyingi. Alichaguliwa wa pili hata hivyo, kwa sababu waliomtazama akicheza Chuo Kikuu cha Texas walijua kwamba mchezaji wa kimo kile anayetupa kama mlinzi mfupi hahitaji kushinda mashindano ya kunyanyua vyuma. Hapo wapimaji walifanya kazi yao vizuri.

Makocha wengi watanijibu kwamba urefu haufundishwi. Ni kweli, na kikapu bado ni mchezo wa warefu. Watanitajia Rudy Gobert, Mfaransa mwenye mikono inayokaribia sentimita 235 ikinyooshwa, mzuia mitupo kama Thabeet, ambaye amekuwa mlinzi bora wa ligi mara nne. Ila Gobert ndiye anayeipa hoja yangu nguvu. Alichaguliwa wa 27 mwaka 2013, na kwa bei hiyo Utah Jazz hawakuwa na haraka. Walimpeleka ligi ya maendeleo ya NBA, wakamfundisha kupima umbali kati ya mwenye mpira na yule anayekimbilia kikapu, kudaka pasi za chini, kuweka skrini na kuviringika. Urefu wake ulikuja kuwa na thamani ulipopata miguu na mikono ya kuusaidia. Mpimaji anayeuchukua urefu wenyewe na kuulipa bei ya nafasi ya pili amelipia mbegu kwa bei ya mavuno.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: baada ya matokeo kila mtu ni mwerevu. Hakuna aliyejua mwaka 2009 kwamba Curry angeubadilisha mchezo mzima. Minnesota walichagua walinzi wawili mfululizo, nafasi ya tano na ya sita, wakamwacha. Nakubali. Siwalaumu Memphis kwa kutomwona bingwa wa kesho. Nawauliza juu ya yaliyokuwa mezani siku ile: sheria ya sekunde tatu ilikuwa na miaka minane, mchezo wa Hartford ulikuwa kwenye kanda, na kijana alikuwa na umri mdogo wa kimchezo. Isitoshe, walikwisha kuwa na Marc Gasol, senta aliyechaguliwa wa 48 mwaka 2007, aliyeonekana mnene na mzito, na ambaye mwaka 2013 angetajwa mlinzi bora wa ligi. Thabeet alipata dakika zipatazo 13 kwa mchezo msimu wa kwanza, na Februari 2010 akapelekwa Dakota Wizards katika ligi ya maendeleo. Kijana anayehitaji dakika nyingi za kukosea alipelekwa mahali ambapo dakika zilikuwa na mwenyewe. Tathmini isiyouliza nani atamfundisha kijana, na atacheza badala ya nani, haijakamilika.

Kuna pia kosa la kinyume, la kuvutwa na usiku mmoja. Bismack Biyombo wa Lubumbashi hakujulikana sana Marekani hadi Aprili 2011, alipofikisha pointi 12, ribaundi 11 na mitupo 10 aliyoizuia katika mchezo wa vijana mjini Portland. Miezi miwili baadaye alichaguliwa wa saba, mbele ya Klay Thompson na Kawhi Leonard. Biyombo amedumu NBA zaidi ya miaka 10 kwa bidii na nidhamu, jambo la kuheshimiwa, lakini kama mchezaji wa akiba zaidi kuliko nguzo ya timu. Mchezo ule ulionyesha kweli alichoweza. Haukuonyesha asichoweza.

Kwa sababu hiyo nawatazama kwa makini wale wanaomsoma Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Kampala, aliyeanza kikapu akiwa na miaka kama 13, akapitia akademia ya NBA huko Saly, Senegal, akaichezea City Oilers katika BAL, ligi ya kikapu ya Afrika, akacheza Olimpiki ya Paris akiwa na miaka 17, kisha msimu mmoja katika Chuo Kikuu cha Duke. Mwaka 2025 alichaguliwa wa kumi na kuangukia Phoenix. Ana sentimita 218, na wengi huishia hapo. Mimi naona takwimu ndogo: Duke alifunga zaidi ya asilimia 75 ya mitupo huru. Kwenye mstari wa mitupo huru hakuna wa kumzidi kimo. Ni mkono, pumzi na mazoezi ya mamia ya asubuhi. Kwa mchezaji aliyeanza karibuni, inaonyesha kwamba anachofundishwa kinaingia. Ni mapema kumtolea hukumu, lakini ushahidi huo haupungui wapinzani wakirefuka.

Basi ombi langu ni kwa makocha wa Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, Goma na Bujumbura. Mvulana au msichana mrefu kuliko wenzake akifika uwanjani, msimsimamishe chini ya kikapu kwa sababu ndiko mnakoshindia Jumamosi hii. Mpeni mpira audunde, atupe, atoe pasi, akabe walinzi wafupi wanaomkimbiza. Wapangieni michezo na watu wazima. Andikeni mwaka wake wa kuzaliwa kwa ukweli, na mrekodi michezo mizima, ile mibaya pamoja na ile mizuri. Nanyi wazazi, anapokuja mtu kutoka mbali akiusifia urefu wa mwanenu, muulizeni ni kocha gani atakayemfundisha huko, na atapata dakika ngapi za kucheza.