JICHO ZIMA, WAYA MBOVU

Msomaji mpenzi, hebu nikuulize. Umewahi kumwona mwanafunzi anayeukodolea ubao macho mpaka machozi yanamlenga, akanunuliwa miwani, na bado akanakili kutoka kwa jirani yake? Watu husema, "Huyo anajifanya tu, ni uvivu." La hasha! Huenda haoni kweli, na huenda miwani haina la kumfaa.

Yako maradhi ya kurithi yanayoila neva ya jicho polepole. Huitwa maradhi ya Kjer, kwa jina la Poul Kjer, daktari wa Denmark aliyechunguza familia 19 za nchini mwake na kuandika matokeo mwaka 1959. Ni maradhi adimu, lakini hayachagui taifa.

Chukulia kwamba jicho ni kamera, na neva ni waya unaopeleka picha kwenye ubongo. Waya huo una nyuzi zaidi ya milioni moja, zinazoanzia kwenye seli za retina. Miwani hurekebisha mambo ya kamera. Hapa kamera ni nzima. Nyuzi ndizo zinazokufa. Ukimtazama mgonjwa usoni huoni kasoro yoyote. Daktari wa macho ndiye anayemulika ndani na kuona kichwa cha neva kimepauka.

Mbona zife? Mwaka 2000 wanasayansi waligundua kwamba visa vingi hutokana na hitilafu ya jeni iitwayo OPA1, katika kromosomu ya 3. Kazi ya jeni hiyo ni kutunza mitokondria, zile jiko za seli tulizochora katika Biolojia. Jiko likizorota, seli hukosa nguvu, na seli za neva ya jicho ni walaji wakubwa wa nguvu. Zinazotangulia kufa ni zile za katikati ya uoni, ambazo ndizo tunazosomea.

Hapo ndipo uonevu unapoanza. Mara nyingi dalili huanza mtoto akiwa shule ya msingi. Kwa kuwa pembeni anaona vizuri, atakimbia uwanjani bila kugonga mtu, kisha darasani ashindwe kusoma sentensi moja. Nani atamwamini? "Mpira unauona, hesabu huioni!" Naam, ndivyo ilivyo hasa. Tena katika maabara huchanganya rangi, hasa buluu na kijani, na alama zinapotea.

Hitilafu hii hutoka kwa mzazi mmoja, awe baba au mama, na kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, kama kurusha shilingi juu. Lakini wapo wanaorithi wasidhurike sana. Baba anasoma gazeti vizuri, mwanawe anataabika, basi majirani wanaanza kunong'ona eti karogwa! Jamani, ni jeni tu. (Msiyachanganye na maradhi ya Leber, yaliyoelezwa mwaka 1871. Hayo hupitia kwa mama peke yake, na huvamia vijana ghafla, hasa wavulana.)

Dawa ya kuponya haijapatikana. Afadhali ni kwamba wachache sana hupofuka kabisa, ingawa wengine hupungukiwa na usikivu pia. Madaktari huwaonya wagonjwa dhidi ya sigara na pombe nyingi, maana huiongezea neva mzigo.

Kinachosaidia darasani si kigumu: dawati la mbele, kioo cha kukuzia maandishi, chaki iliyokolea, na mwalimu anayesoma kwa sauti anachoandika ubaoni. Baraza la Mitihani la Kenya nalo hutayarisha karatasi zenye maandishi makubwa kwa watahiniwa wenye uoni hafifu. Ombi hupitia shuleni, kwa hivyo mwenye shida amwone daktari wa macho mapema, ripoti yake imfikie mwalimu kabla majina ya watahiniwa hayajapelekwa.