Mshono wa winchi na upepo wa Ziwa

Mchimbaji wa Misisi ao wa Kamituga anaamini chuma kila siku, lakini mara mingi hajui chuma kile kimeunganishwa namna gani. Winchi ya kushukia shimo, ndoano ya ndoo, ngazi, kiti cha motopompe, pipa la konkaseri ya kusaga mawe: vitu vya namna hii vinatengenezwa katika atelie za barabarani, kama hizi zetu za Uvira, kutoka Kavimvira mpaka karibu na bandari ya Kalundu. Mnunuzi anafika, anaangalia rangi, anapiga-piga na mkono, anabishana bei. Mshono wenyewe, pale vyuma viwili vilipokutana, tayari umefunikwa na rangi. Njo pale tunapenda kuongelea leo, juu pale njo kamba ya mtu inaninginia.

Kusude, ao kuchomelea kama wanavyosema jirani zetu wa Kigoma, ni kuyeyusha chuma mpaka kiwe maji, kisha kukiacha kigande tena kipande kimoja. Chuma kinayeyuka kwenye digri 1538 hivi, na moto wa umeme kwenye ncha ya bageti unapita hapo mbali sana. Shida ni kwamba chuma kikiwa maji kinakuwa na njaa ya hewa. Hewa tunayovuta ni nitrojeni asilimia 78 na oksijeni asilimia 21. Kwetu ni uzima, kwa chuma cha moto ni sumu. Oksijeni inakiunguza na kuacha takataka ndani. Nitrojeni inaingia mule wakati chuma ni maji, na chuma kinapoganda inatafuta njia ya kutoka. Ikichelewa, inafungiwa ndani. Vunja mshono wa namna ile na utaona vitundu, sawa na ndani ya mandazi. Kwa mandazi ni vizuri. Kwa mhimili wa winchi, kila kitundu ni nafasi ambamo hamuna chuma.

Wazee wa zamani walikwepa shida hii kwa kutosude kabisa. Meli Liemba, ambayo watu wa Ziwa hili wote wanaijua, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande-vipande mpaka Kigoma, na mabati yake yalishikanishwa kwa misumari ya kugonga, ile Wafaransa wanaita riveti. Miaka ile kuchomelea kwa umeme kulikuwa kungali kuchanga. Waliokuwa wanajaribu walitumia waya mtupu, na hewa iliharibu kila kitu. Ni Mswidi mmoja, Oscar Kjellberg, fundi wa kurekebisha vyungu vya mvuke vya meli, aliyewaza kuivika ile waya koti la unga wa madini, na mwaka 1907 akaomba hati ya uvumbuzi wake. Bageti ya kila atelie ya Uvira leo ni mjukuu wa ile.

Basi lile koti si mapambo. Linapoungua linatoa gazi inayosukuma hewa mbali na chuma cha maji, na linaacha ganda juu ya mshono, lile fundi analigonga na nyundo kisha kazi. Gazi inalinda kikiwa maji, ganda linalinda kinapopoa. Bageti iliyokatika koti, ile ya kubanguka-banguka chini ya mfuko, haina tena kazi ya kubeba uzima wa mtu.

Katika viwanda vikubwa hawategemei koti. Wanatumia waya mtupu unaotoka wenyewe kwenye bunduki, na gazi inatoka kwenye chupa: mara mingi ni argoni asilimia 82 na gazi ya kaboni asilimia 18, ao gazi ya kaboni peke yake. Ile ya kaboni peke yake ni ya bei ndogo na inaingia ndani sana ya chuma, lakini inarusha cheche mingi na mshono unakuwa wa mikwaruzo. Ukichanganya argoni, moto unatulia. Kwa inoksi na aluminiyomu wanapenda kutumia argoni tupu na mashini ya namna ingine. Gazi inatoka kama litre 10 mpaka 15 kwa dakika. Na mtu asifikiri kwamba kufungua sana chupa ni kulinda zaidi: gazi ikitoka kwa nguvu inazunguka kama maji ya mto yenye kugonga jiwe, na ile mizunguko inavuta hewa ndani.

Sasa tufike kwenye upepo. Kanuni za Marekani za kuchomelea chuma cha majengo zinakataza kazi ya gazi ya chupa pahali upepo unapita kilometre 8 kwa saa. Ni mwendo wa mtu anayetembea mbio-mbio kuelekea sokoni, si zaidi. Nani wa Uvira hajui upepo wetu? Mchana unapanda kutoka ziwani, usiku unashuka kutoka milima ya Mitumba, na wakati wa kiangazi kusi inapiga mpaka pirogi zinakaa nchi kavu. Bageti yenye koti inavumilia upepo kuliko gazi ya chupa, juu gazi yake inazaliwa palepale kwenye moto. Lakini kuvumilia kuna mwisho. Fundi anayesude kandokando ya barabara, mgongo kwa ziwa, bila hata tole moja ya kuzuia, anapoteza ulinzi ule alioununua. Tole mbili zilizosimamishwa, ao turubai, zinatosha. Hii njo dawa ya bei ndogo kuliko zote tunazotaja hapa, na njo ile tunaona kwa nadra.

Adui wa pili ni maji. Si mvua peke yake; hata unyevu wa hewa ya Ziwa unaingia katika koti la bageti paketi ikishafunguliwa. Moto unapasua maji yale, na hidrojeni inaingia katika chuma. Ubaya wake ni uvumilivu. Mshono unaweza kuwa muzuri kabisa jioni, na ukapasuka ndani kesho ao kesho kutwa bila mtu kuugusa. Njo maana kwa chuma kinene ao kigumu wanangojea saa 48 mbele ya kukikagua. Bageti namba 7018 imetengenezwa kwa kupunguza hidrojeni, lakini paka ikiwa kavu: ikipata unyevu inatakiwa kuchomwa katika fura kwa digri 300 mpaka 350, saa moja ao mbili. Ile ya 6013, inayouzwa sana, haiombi moto mkali hivyo. Ukiipika digri 350 unaua koti lake. Yenyewe inatosha kuikausha kidogo na kuitunza katika kopo lenye kifuniko, mbali na sakafu ya simenti.

Mtu asiseme haya ni mambo ya vitabu. Januari 1943, kule Portland, Marekani, meli mpya ya mafuta, Schenectady, ilikatika karibu vipande viwili ikiwa imefungwa bandarini, maji yametulia. Ilikuwa imechomelewa yote. Uchunguzi ulionyesha mishono mibaya pahali pa hatari, na chuma chenyewe kinachovunjika bure kwenye baridi.

Umeme nao una neno lake. Kwa bageti wanahesabu ampere 30 mpaka 40 kwa kila milimetre ya unene, kwa hiyo ile ya 2,5 inaomba kama 75 mpaka 100. Umeme ukishuka, ao grupu ikiwa ndogo, ao kabuli ni ndefu na nyembamba, chuma kinakaa juu tu kama nta ya mshumaa, hakikuingia. Umeme ukizidi, bageti inakuwa nyekundu nzima na koti linaungua mbele ya kufika. Na moto ule lazima uwe mfupi, karibu sawa na unene wa bageti yenyewe. Fundi aliyechoka anainua mkono, moto unarefuka, hewa inaingia. Sikiliza: mshono muzuri unalia kama mafuta kwenye sufuria, bila kukatika.

Jambo lingine, la wachimbaji wenyewe. Lame ya resori ya gari inapendwa kwa burin, na ni haki, ni chuma kigumu. Lakini kugeuza lame ndoano na kuisude kwenye winchi ni kutafuta kifo. Ina kaboni mingi. Pembeni ya mshono inakuwa ngumu kama kioo. Na kumwagia maji mshono wa moto ili mteja aende haraka kunaongeza ule ugumu. Uachwe upoe wenyewe.

Mnunuzi afanye nini? Kwanza aombe kuona mshono mbele ya rangi. Vitundu juu, mfereji pembeni, ufa: akatae. Amwombe fundi asude vipande viwili vya majaribio kwa bageti ileile, umeme uleule, kisha avifunge kwenye eto na kuvivunja kwa nyundo. Ndani kutasema. Kwa pipa ao tanki, paka chokaa upande mmoja, acha ikauke, pakaa petroli ya taa upande mwingine: petroli ikitoboa, chokaa inaonyesha doa. Ile inaonyesha tundu, haionyeshi nguvu. Na alipe ile tole ya kuzuia upepo na bageti kavu. Tunasikia watu wanalaumu mafundi, lakini mteja mwenye kupunguza bei mpaka mwisho na kudai kitu kitoke palepale, naye ameshika bageti ile.

Neno kwa wanaotaka kusude chini, ndani ya shimo. Argoni na gazi ya kaboni ni nzito kuliko hewa, na argoni haina harufu wala rangi. Zinashuka, zinajaa chini kama maji, na mtu anaanguka bila kukohoa. Chupa za gazi zibaki juu, kazi ifanyiwe juu. Motopompe na grupu ndani ya shimo zinaua vilevile kwa moshi wao, na huo moshi mshumaa hauuonyeshi, unaendelea kuwaka. Mwenzako akianguka chini, usishuke kumfuata: sukuma hewa safi kwa kompresa, mvute kwa kamba kama alikuwa amefungwa. Na usifungue chupa ya oksijeni ya atelie ili kuwapa watu hewa. Nguo iliyojaa oksijeni inawaka kwa cheche moja.