Irabu Tano Ziingie kwa Sikio Kwanza



Vikundi vingi vimejitolea kujenga chumba cha nasari, au huchanga pesa kidogo kidogo za kumlipa mwalimu. Ni kazi njema. Lakini chumba na madawati peke yake havimfundishi mtoto kusoma. Leo tuzungumze juu ya jambo lisilo na gharama: kuwafundisha wadogo sauti za a, e, i, o, u kwa nyimbo.

Taabu iko wapi?

Ukipita Kawangware, Kangemi au Uthiru, hapa magharibi mwa Nairobi, utasikia watoto wa nasari wakiimba majina ya herufi za Kiingereza kwa nguvu zao zote. Wazazi hufurahi, ati mtoto ameshaanza kusoma. Lakini hebu sikilizeni vizuri. Kwa Kiingereza herufi A huitwa "ei", E huitwa "ii", na I huitwa "ai". Mtoto huyo akipewa neno "pete", anaona E, anakumbuka "ii", anasoma "piti". Anachekwa, anaambiwa ni mzito wa kichwa. Jamani, si mzito! Anasoma vile alivyofundishwa. Na mtoto akichekwa mara nyingi, huanza kukichukia kitabu.

Kiswahili kinatusaidia hapa, kwa sababu kila irabu ina sauti moja tu, popote ilipo. Akizishika hizo tano, anaweza kuunganisha ba, be, bi, bo, bu, kisha ma, me, mi, mo, mu, na njia imefunguka. Kiingereza kitakuja baadaye, nacho kitapata msingi.

Tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, sera ya Kenya ni kwamba wadogo wafundishwe kwa lugha ya mahali walipo. Mijini, ambako makabila yamechanganyika, mara nyingi lugha hiyo ni Kiswahili. Kwa hiyo nyimbo za Kiswahili si kupoteza wakati.

Lugha ya nyumbani nayo tuiheshimu. Kikikuyu, kinachosemwa sana upande wa Dagoretti, kina irabu saba. Ndiyo sababu huandikwa na ĩ na ũ pia. Kijaluo nacho kina sauti za irabu nyingi kuliko herufi zake tano. Mtoto akichanganya sauti mwanzoni, msimkemee. Mrudieni kwa wimbo.

Namna ya kufanya

1. Anzeni na sikio, chaki ingoje. Kila siku dakika 10 zatosha. Watoto wasimame duara, wapige makofi. Tumetunga mistari hii. Kila mmoja una irabu moja tu:

A, a, a! Dada ana kanga!
E, e, e! Lete pete, lete!
I, i, i! Bibi, bibi, ni mimi!
O, o, o! Kokoto ndogo ndogo!
U, u, u! Kuku juu, kuku huku!

2. Waangalie mdomo. Kwa a mdomo hufunguka wazi, kwa i hutanuka kama wa mtu anayetabasamu, kwa o na u huwa mviringo. Mtoto amtazame mwenzake.

3. Badilisheni irabu, neno ligeuke. Dada, dodo, dudu. Baba, bibi, bubu. Tia, toa, tua. Watoto hucheka sana, na hapo ndipo wanapotambua kwamba irabu moja hubadilisha maana yote.

4. Tumieni sauti za mtaani. Makanga wa matatu za kwenda tao huita "Beba! Beba!" Mwulizeni mtoto: umesikia irabu gani? Ni e na a. Kijijini tumieni majina ya watoto wenyewe.

5. Sasa onyesheni herufi. Chorweni kwa kijiti mchangani, au kwa makaa kwenye katoni. Panga vizibo vya soda viwe umbo la o. Herufi moja kwa wiki moja, huku mkiimba mstari wake. Mkitaja herufi, semeni sauti yake, si jina la Kiingereza.

Msikimbilie kuwapa kalamu watoto wa miaka mitatu. Vidole bado ni laini, lakini masikio yako tayari. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

Akina nyanya na akina babu wasikae kando. Asiyejua kusoma anaweza kuimba na kutunga mistari yake mwenyewe, tena pengine kutushinda sisi.

Zungumzeni kikundini

Watoto wetu wanaimba nini nasari? Wanataja sauti au majina ya herufi? Nani kati yetu atatunga mistari mitano kwa lugha ya kwetu? Mkikubaliana, ketini na mwalimu wenu kwa upole, mpange pamoja siku ya kuanza.