Nusu Siku Katika Vilima vya Maseno: Adabu za Matembezi ya Familia



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi na kuisimamisha milima. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Skuli zinapofungwa, familia nyingi za pwani husafiri kuwazuru jamaa zao walioko bara, na Kisumu ni miongoni mwa miji inayowapokea. Wakishapumzika siku ya kwanza, swali huwa moja: watoto tuwapeleke wapi? Wengi huishia ufukoni mwa ziwa, wakala samaki, wakarudi. Hilo si baya. Lakini nyuma ya mji huo kuna vilima, na nusu siku yatosha kuvipanda na kurudi kabla chakula cha mchana hakijapoa.

Leo napenda kuyaeleza matembezi hayo, pamoja na jambo ambalo wengi wetu hulisahau. Matembezi ya familia, hata yakiwa ya saa tano au sita, ni safari, na safari ina adabu zake. Anayezishika huwarejesha watu wake salama na akapata thawabu. Anayezidharau huweza kuwatia hatarini wale wale aliotoka kuwafurahisha.

Maseno ni wapi?

Ukitoka Kisumu kwa barabara ya Busia, unaupita uwanja wa ndege, unafika Kisian, kisha Lela, na hapo gari linaanza kupanda. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Maseno inakaribia mita 1,500. Ni mwendo usiofika kilomita 30, lakini hewa hubadilika, na mtoto wa Mombasa huanza kuuliza sweta lake liko wapi. Mji huu mdogo upo mpakani mwa kaunti za Kisumu na Vihiga, mahali wanapokutana Waluo na Wanyore. Wengi wanaujua kwa chuo kikuu chake, na kwa shule ya wamisionari iliyoanzishwa mwaka 1906, ambako marehemu Jaramogi Oginga Odinga alisoma na baadaye akafundisha. Upande wa kaskazini ndiko kuliko na vilima vya Bunyore, vyenye majabali makubwa ya matale yaliyopandana kana kwamba yamepangwa kwa mkono.

Pwani na nchi hii hazikuanza kujuana leo. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kiswahili walikwenda kwa miguu kutoka pwani hadi Mumias, kaskazini ya hapa, kwenye baraza la Nabongo, na kwa sababu yao Uislamu ukashika mizizi katika sehemu hizo. Safari yao ilikuwa ya miezi. Reli ilipofika Kisumu, Desemba 1901, ikawa ya siku chache. Sisi leo twaenda kwa starehe, tukiwa na chai katika chupa. Neema hiyo yataka shukrani.

Mwacheni mmoja awe kiongozi

Tulitoka familia tatu za marafiki, katika magari mawili marefu yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Mimi na watu wa nyumbani kwangu tulikuwa wageni kutoka Mombasa. Wengine ni wakazi wa Kisumu. Kila mwanamke alikuwa na mumewe au mahrimu wake. Baada ya swala ya alfajiri na kifungua kinywa, kabla injini haijawashwa, tulimchagua amiri. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa watu watatu wakitoka safarini wamteue mmoja wao awe kiongozi. Tulimchagua mwalimu mmoja wa skuli, mdogo wetu kwa umri, kwa kuwa yeye ndiye aliyeijua njia. Umri una heshima yake, lakini uongozi wa safari hupewa mwenye kuijua safari.

Tulipoiacha lami, njia ikawa ya udongo mwekundu, nyembamba, yenye mifereji iliyochimbwa na maji. Mwalimu aliamuru matairi yapunguzwe upepo kidogo ili yashike, na madereva wapande kwa gia ya chini bila kukimbia. Kijana aliyeendesha gari la nyuma alitaka kuonyesha ufundi wake, na kila akiruka shimo, akina mama waliokuwa nyuma walirushwa hadi vichwa vikagonga dari. Mwalimu alisimama, akamwendea dirishani, akamkumbusha kisa cha Anjasha. Huyu alikuwa akiwaongoza ngamia waliowabeba wanawake, naye Mtume (s.a.w.) akamwambia awaendee polepole, akiwafananisha abiria wale na vyombo vya kioo. Kijana alicheka kwa haya, na tangu hapo mwendo ukawa wa watu wazima. Ndugu yangu unayeshika usukani, kumbuka kwamba kwenye kiti cha nyuma huenda yupo mwenye mimba changa ambayo bado hajaitangaza.

Jabir bin Abdillah amesimulia kuwa sahaba walipokuwa wakipanda walileta takbiri, na walipokuwa wakiteremka walileta tasbihi. Tuliwafundisha watoto jambo hili pale pale njiani. Kila mlima ulipoinuka wakasema Allahu Akbar, na kila gari lilipoinama wakasema Subhanallah. Watoto waliokuwa wakilia kwa kichefuchefu waliacha kulia, wakawa wanangojea mteremko. Somo ambalo madrasa hulifundisha kwa ubao, mlima ulilifundisha kwa dakika chache.

Kwenye uwanda wa majani, chini kidogo ya majabali, tulitandika mikeka. Kutoka hapo ziwa huonekana kusini, jeupe kama bati jipya. Wanaume walikaa upande mmoja wa majabali. Wanawake na wasichana walipata upande wao uliositirika, wakashindana mbio hadi buibui zikakunjwa mikononi. Asishangae mtu. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.) safarini, mara ya kwanza bibi akashinda, na siku nyingine akashinda Mtume. Dini yetu haikumkataza mke kufurahi. Imemtaka mume ampe nafasi ya kufurahi kwa stara.

Aliyeliona wingu

Ilipokaribia saa tano na nusu ilibaki sehemu ya mwisho ya kupanda, ambayo vijana ndiyo waliyoijia. Mbingu juu yetu ilikuwa safi. Mama wa mwenyeji wetu, bibi mzaliwa wa Luanda aliyekuwa ameketi akimenya machungwa, alitazama mashariki, upande wa Nandi, akasema kwa sauti ya chini: “Wanangu, pakieni vitu. Wingu lile likishika rangi hiyo halingoji mtu amalize chai.”

Vijana walilalamika. “Bibi, mbona jua linawaka? Dakika kumi tu, tufike juu turudi.”

Mwalimu alimtazama bibi, akalitazama wingu, kisha akasema: “Tumefika panapotutosha. Pandeni garini.”

Hapakuwa na aliyembishia tena, maana tulikuwa tumempa uongozi kabla ya kuondoka. Tuliteremka. Chini kulikuwa na kijito tulichokivuka asubuhi, maji yakiwa hayafiki nusu ya tairi. Gari la kwanza lilivuka, na la pili likavuka. Hatujafika lami, mvua iliangushwa kama iliyomwagwa kwa ndoo, radi ikapiga juu ya majabali tuliyokuwa tumekaa. Tulipotazama nyuma, kijito kile kilikuwa kimegeuka mto wa matope mekundu. Bibi alikuwa ameanza tena kumenya chungwa lake.

Bibi hakuwa na uchawi wowote. Ukanda wa Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu zenye ngurumo nyingi duniani. Mchana ardhi hupata joto kuliko maji, upepo wa ziwani huvuma kuelekea nchi kavu, ukakutana na upepo wa mashariki kwenye nyanda za juu, hewa ikapanda na mawingu yakajengeka. Kwa hiyo asubuhi huwa njema, na dhoruba huja baada ya adhuhuri. Hapa hapa Bunyore uko ukoo wa Nganyi, mashuhuri kwa elimu ya mvua, ambao kwa vizazi wamechunguza miti, wadudu na pepo. Idara ya hali ya hewa ya Kenya imeketi nao ili kuulinganisha utabiri wao na wa vyombo. Tuseme wazi: elimu ya ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, na Yeye ndiye mteremshaji wa mvua. Lakini kusoma alama alizoziweka katika viumbe vyake ni akili aliyotupa, na mara nyingi akili hiyo ipo kwa mama mzee ambaye hakuna anayemuuliza. Msafara usiomsikiliza mwanamke aliyezaliwa mahali hapo umejinyima macho yake.

Swala na kibla kileleni

Masuala matatu huulizwa sana na wageni wa kutoka pwani.

La kwanza ni wakati. Maseno iko magharibi mwa Mombasa kwa nyuzi tano za longitudo, kwa hiyo adhuhuri huingia huko dakika 20 hivi baada ya Mombasa. Atakayeadhini kwa ratiba ya Mombasa iliyomo katika simu yake ataswali kabla ya wakati, na swala ya kabla ya wakati haisihi. Badilisheni mji katika simu kabla ya kutoka.

La pili ni kibla. Mombasa twaelekea karibu kaskazini moja kwa moja. Maseno pia ni kaskazini, lakini mtu huinama kidogo mashariki. Mstari wa ikweta hupita hapo hapo, na ardhi yote imefanywa kuwa mahali pa kusujudu, ila iwe tohara, na mwenye nayo awe ameridhia.

La tatu ni kupunguza swala. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, safari ya kupunguza ni marhala mbili, ambazo wanavyuoni wa sasa wanazikadiria kuwa kilomita 80 na zaidi. Mkazi wa Kisumu aliyekwenda Maseno hajafika hapo, basi ataswali kamili. Mgeni kutoka Mombasa aliyenuia kukaa Kisumu chini ya siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, bado ni msafiri na ana rukhsa. Lakini akiswali nyuma ya mkazi, naye ataikamilisha. Ndivyo tulivyofanya sisi tuliporudi mjini: mwenyeji aliongoza, na wote tukaswali rakaa nne.

Mlima una wenyewe

Baadhi ya watu hudhani kuwa ukiacha lami umeingia pori lisilo na mtu. Vihiga si hivyo. Kwa sensa ya mwaka 2019, kila kilomita moja ya mraba ina zaidi ya watu 1,000. Njia tuliyopita ni njia ya kwenda kisimani na skuli, na majani tuliyotandikia mikeka ni malisho ya ng'ombe wa mtu. Mtume (s.a.w.) ameitaja haki ya njia: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kuitika salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Basi simamisheni gari muombe ruhusa, msikanyage mahindi ili kukwepa tope, msipige picha za wanawake waliobeba kuni, na mununue ndizi zao kwa bei yao. Watu wengi wa huko si wa dini yetu. Huenda gari lenu ndilo darasa la kwanza la Uislamu kupita mlangoni mwao.

Kwa mama anayepanga

Ondokeni mapema, muwe mmeteremka kabla ya adhuhuri. Chukueni maji ya kunywa na ya udhu mbali mbali, viatu vya kufunga, nguo za kubadilisha watoto, na tangawizi kwa wenye kichefuchefu. Kila gari liwe na kamba ya kuvutia, jembe, na tairi la akiba lenye upepo. Mwambieni mtu aliyebaki nyumbani mnakwenda wapi na mtarudi saa ngapi. Radi ikianza kusikika, msijikinge chini ya mti wala juu ya jabali. Ingieni garini, mfunge vioo. Na usiku wa kabla, mwulizeni baba swali moja: nikisema turudi, tutarudi?

Jibu la swali hilo ndilo linaloonyesha kama familia iko tayari kwa mlima. Kilele kitakuwepo wiki ijayo, na majabali ya Bunyore hayahami. Mtoto aliyepelekwa na maji hatuna wa kutupa badala yake.

Mwenyezi Mungu azijaalie safari zetu ziwe za kheri, awahifadhi wasafiri wetu majini na nchi kavu, na awarejeshe kwa mama zao. Amin.